Kalenda ya Iyunga

Ilining'inia juu ya redio ya Mkulima,
kalenda ya wanyama kumi na wawili,
zawadi ya fundi wa reli aliyerudi kwao Uchina
akamwachia baba nyundo, birika la bati
na karatasi hiyo, panya akiwa mbele ya msafara.
Moshi wa kuni uliipaka rangi ya chai.
Ng'ombe tulimjua. Jogoo, mbwa, mbuzi, hao majirani.
Tumbili alituibia mahindi kila msimu.
Ila yule wa tano, mwenye ndevu, kucha, na mawingu miguuni,
mama alisema ndiye alalaye chini ya Ziwa Ngozi,
akageuza kigoda chake asitazamane naye.

Baba hakusoma Kichina. Alisoma tarakimu.
Sabini na sita: joka.
Sabini na saba: nyoka.
Asangalwisye alizaliwa Januari ya sabini na sita,
mvua ikipiga mabati ya kota za reli.
Mimi nilikuja Januari iliyofuata,
mvua ileile, mkunga yuleyule.
Baba akahesabu kwa kidole, akanyamaza.

Sikutumwa kuokota mayai.
"Nyoka hatumwi bandani," alisema bibi, nusu utani,
na nusu ile nyingine ndiyo iliyonilea.
Maziwa yakiharibika, nilitazamwa.
Kuku akisusa kuatamia, nilitazamwa.
Ng'ombe akauzwa, Joka akaenda sekondari
na viatu vya Bata vinavyolia njia nzima.
Mimi nikapanda Umalila kuchuma pareto,
nikajifunza kupita majanini bila kuyaamsha.

Sasa nawapikia watu wa barabara,
kambini Inyala: kande, maharage,
chai ya tangawizi, maana Juni ya huku haina huruma.
Mkalimani wao, binti wa miwani
(jina lake lilitushinda, tukamwita Sharoni),
aliniuliza asubuhi moja, akipuliza kikombe:
Mama Subilaga, wewe mnyama gani?
Nyoka, nikasema, huku nakwangua ukoko.
Tarehe? Ishirini na tisa, Januari.
Akapekua simu. Akacheka, miwani ikajaa mvuke.
Mwaka wetu hauanzi Januari, mama.
Unangoja mwezi uandame.
Mwaka ule uliandama Februari, tarehe kumi na nane.
Wewe uliwahi. Wewe ni joka.

Na wa mwaka mmoja nyuma, tarehe tano?

Huyo sungura.

Nikakaa juu ya ndoo.
Sungura! Kaka yangu wa Tunduma,
aliyeuza gari moja kwa watu watatu,
akawa shahidi wa wawili dhidi ya yule wa tatu;
aliyemkopa baba fedha za jeneza
la mtu tuliyekutana naye sokoni Jumamosi, ananunua viazi.
Mtoto yeyote aliyelelewa kwa hadithi
angetuambia zamani, bila kalenda.

Jioni nilikwenda kwa baba. Macho yamemwisha.
Kalenda ipo; mende wamekula mbuzi
na miguu ya nyuma ya farasi.
Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu,
moja juu ya jingine, kama matofali mabichi.
Akanipapasa kiganja. "Nani wewe?"
Sasa, unamwambiaje mzee asiyeona
kwamba alikosea hesabu kwa ng'ombe mzima?
"Nyoka wako," nikasema.
"Aa," akasema. "Mwenye uji."
Akanywa wote, akalamba kingo za bakuli.

Nje, ukungu wa Loleza ulikuwa umeshashuka mpaka uani.
Nilisimama nikilijaribu neno mdomoni:
nyoka, nyoka, joka.
Kumbe jina ni lilelile, limevimba tu.
Kisha nikainama, nikaingia banda la kuku
kwa mara ya kwanza, na magoti yangu ya uzee,
nikapenyeza mkono chini ya tetea mweusi.
Mayai sita, ya moto.
Tetea hakuuliza mwaka.
Alinidonoa.